Kabla ya kumlaumu fundi, soma karatasi ya maiki

Na Mwandishi Wetu

NI Jumamosi, saa nne usiku, ukumbi wa harusi umejaa. MC anashuka jukwaani, maiki mkononi, kuwafuata wazazi wa bibi harusi mezani kwao. Akipita tu mbele ya spika kubwa ya kushoto, mlio mkali unapasua ukumbi. Watoto wanaziba masikio. Fundi mitambo anaikimbilia miksa na kushusha sauti. Mlio unakatika, lakini sasa baba wa bibi harusi anatoa nasaha ambazo hakuna anayezisikia. Kutoka nyuma watu wanapaza: ongeza sauti! Fundi anaongeza, na mlio unarudi.

Macho yote yanamgeukia yeye.

Hali hiyo hutokea makanisani, kwenye mikutano ya hadhara, kwenye mahafali na kwenye maonyesho ya taarab. Anayelaumiwa huwa fundi. Akinusurika, zinalaumiwa spika, na zikinusurika spika, unalaumiwa umeme. Ni nadra mtu kuuliza maiki ile ilinunuliwa kwa kigezo gani, inashikwaje na imeelekezwa wapi.

Majibu ya maswali hayo yamo katika karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya boksi la maiki. Ina mchoro wa mviringo, mstari wenye milima na mabonde, na tarakimu chache zenye vipimo vyake. Walio wengi huitupa pamoja na boksi. Makala haya yanaifungua karatasi hiyo, kwa kutumia maiki ambayo karibu kila msomaji amewahi kuiona hata kama hajui jina lake: Shure SM58, yenye mpini wa kijivu na kichwa cha wavu wa chuma kilicho mviringo.

Ilitengenezewa studio, ikaolewa na jukwaa

Kampuni ya Shure ilianzishwa na Sidney Shure mjini Chicago, Marekani, mwaka 1925, ikiuza vipuri vya redio. Mwaka 1939 ilitoa maiki iliyoitwa Unidyne, kazi ya mhandisi Ben Bauer. Kabla ya hapo, kutengeneza maiki inayosikia upande mmoja zaidi ya mwingine kulihitaji kuunganisha vipokea sauti viwili ndani ya chombo kimoja. Bauer alilifanya jambo hilo kwa kipokea sauti kimoja tu, kwa kuiruhusu sauti iingie pia kutoka nyuma kupitia njia iliyopimwa kwa makini.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1959, mhandisi mwingine wa kampuni hiyo, Ernie Seeler, alikamilisha toleo dogo la kazi hiyo, lililoimbiwa kwa ncha badala ya ubavu. Humo ndimo zilimotoka SM57 ya mwaka 1965 na SM58 ya mwaka 1966. Herufi SM zilikusudia maiki za studio. Wateja waliolengwa walikuwa watu wa televisheni na redio. Mauzo yalisuasua hadi SM58 ilipopelekwa kwa wanamuziki wa majukwaani, na huko ndiko ilikopata makao yake.

Ndani yake mna utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa koili ya waya, na koili hiyo imezama katika uga wa sumaku. Sauti ikiutikisa utando, koili inasogea na kuzalisha umeme kidogo sana. Ndiyo maana aina hii huitwa maiki ya dainamiki. Haihitaji betri wala umeme wa nje, na hustahimili kuanguka, jasho na vumbi.

Mchoro wa moyo

Nianze na mchoro wa mviringo, kwa sababu kama karatasi nzima ingechanika na kubaki kipande kimoja, ningeomba kibaki hicho.

Mlio wa ukumbini una chanzo kimoja. Sauti inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka kwenye spika, inarudi kwenye maiki na kukuzwa tena. Kila mzunguko ukirudi na nguvu sawa na ule uliotangulia, au zaidi, mitambo inaanza kujilisha yenyewe na spika zinapiga yowe. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujua kuhusu maiki ya jukwaani ni pande ambazo haisikii.

> Maiki ya jukwaani hupimwa kwanza kwa kile isichokisikia.

Mchoro ule unaonyesha usikivu wa maiki kwa kila pembe, mbele ikiwa nyuzi sifuri na nyuma kabisa nyuzi 180. Mchoro wa SM58 una umbo la moyo, na mafundi huuita kadioidi. Inasikia vizuri mbele, kiasi ubavuni, na kidogo sana nyuma. Mahali pake pa ukiziwi ni nyuzi 180, yaani upande unakotokea waya. Hivyo monita, ile spika ndogo inayolazwa sakafuni ili mwimbaji ajisikie, inatakiwa ikae mbele ya mwimbaji na kumtazama, mgongoni kwa maiki.

Sasa wapo wanaosikia kwamba maiki ya superkadioidi, kama Shure Beta 58A au Sennheiser e945, "inakamata" sauti ya mwimbaji vizuri zaidi na kuziba kelele za pembeni. Ni kweli: mbele ni finyu zaidi na ubavuni inasikia kidogo zaidi. Lakini umbo hilo linalipia faida hiyo kwa kuota kijimkia cha usikivu nyuma kabisa. Mahali pake pa ukiziwi si nyuzi 180 tena. Pamehamia takriban nyuzi 125, kushoto na kulia.

Matokeo yake ni kisa ambacho mafundi wengi wanakijua. Kwaya au bendi inachanga fedha, inanunua maiki mpya ya bei kubwa kuliko ya zamani, inaichomeka mahali pale pale na kuacha monita pale pale. Maiki inalia kuliko ile iliyotupwa. Watu wanasema wameuziwa kopi, na huenda hawakuuziwa. Monita imekaa kwenye kile kijimkia. Ingesogezwa pembeni, au zingewekwa mbili, moja kila upande, ukelele ungetulia. Hakuna fedha inayohitajika hapo, inahitajika kusoma mchoro.

Tena mchoro huo hauna mstari mmoja. Karatasi ya kampuni makini huonyesha mistari kadhaa, kila mmoja kwa masafa yake, maana maiki haisikii besi na sauti nyembamba kwa umbo lile lile. Ukiona mistari imetawanyika ovyo, ujue kwamba mwimbaji akigeuza shingo kidogo tu sauti yake itabadilika tabia.

Kiganja kichwani mwa maiki

Kuna ubishi wa miaka mingi kati ya waimbaji na mafundi kuhusu namna ya kushika. Rapa na MC wengi hupenda kukikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja. Wanasema sauti inakuwa nzito, na picha inapendeza. Mafundi wakiona kiganja kinapanda huanza kushusha sauti kabla hata wimbo haujaanza.

Katika ubishi huu nasimama na mafundi, na sababu ni ile kazi ya Bauer. Maiki ya kadioidi inakuwa kiziwi nyuma kwa sababu sauti ya nyuma inaingia kwa njia mbili, mbele ya utando na nyuma yake, na zikikutana zinafutana. Njia ya nyuma ni matundu yaliyo chini ya ule wavu. Ukiyaziba kwa kiganja, umelifuta umbo la moyo lenyewe. Maiki inaanza kusikia pande zote, monita ikiwamo. Umbo ulilolilipia limeishia kwenye kiganja.

Ushike mpini. Ndiyo kazi yake.

Tarakimu kubwa zinazodanganya

Mstari wenye milima na mabonde unaonyesha mwitikio wa masafa: maiki inapokea kwa nguvu gani kila sauti, kuanzia besi hadi ile nyembamba kabisa. Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 20,000. Karatasi ya SM58 inaandika hezi 50 hadi 15,000. Kwenye duka hilo hilo, boksi la maiki ya bei ya chini kabisa huenda likaandika hezi 20 hadi 20,000.

Mnunuzi anayelinganisha tarakimu tu ataondoka na ile ya bei rahisi akijua ameokota dodo. Hajaokota. Masafa yaliyoandikwa bila kueleza usikivu unapanda na kushuka kwa desibeli ngapi (kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya ncha hizo mbili hayana maana yoyote. Kinachosema kitu ni mstari wenyewe, na maboksi mengi ya bei rahisi hayana mstari.

Tena upana si sifa ya lazima kwa jukwaa. Sauti ya msingi ya mwanamume anapozungumza huwa kati ya takriban hezi 85 na 180, na ya mwanamke hupanda hadi 250 na zaidi. Chini ya hapo, kinachoingia kwenye maiki ni vishindo vya miguu jukwaani, ngoma kubwa ya jirani na upepo. Ndiyo sababu wahandisi wa SM58 waliuteremsha mstari makusudi upande wa besi. Juu wakauinua, kuanzia karibu hezi 4,000, kwenye eneo la konsonanti kama s, t na ch, ili maneno yachomoze katikati ya magitaa na vinanda.

Kuinua huko kuna gharama yake. Mlio wa spika huanzia pale ambapo mfumo mzima una kilele, na kilele cha desibeli 6 mahali pamoja kinakunyang'anya desibeli 6 za sauti kila mahali, kwa sababu fundi atalazimika kushusha zote ili kilele kimoja kisipige yowe. Maiki yenye mstari uliotulia humpa fundi nafasi. Ile yenye milima mikali inasikika tamu dukani, ukiwa peke yako, na inakutesa ukumbini.

Sentimita chache

Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka maradufu, sauti inayofika hupungua kwa takriban desibeli 6. Kutoka sentimita 5 hadi 10 umepoteza 6. Hadi 20, umepoteza 12. Hadi 40, umepoteza 18, na fundi akizirudisha hizo 18 kwenye miksa, anarudisha pia kila kilichomo ukumbini. Baba wa bibi harusi anayeshikilia maiki kifuani kwa adabu anamnyima fundi kitu ambacho hakuna mtambo unaoweza kukirudisha.

Ukaribu nao una tabia yake. Karibu maiki zote za umbo la moyo na jamaa zake huongeza besi mdomo unapozisogelea sana. Mtangazaji wa redio huitumia tabia hiyo kuipa sauti yake unene. Mwimbaji mzoefu hucheza nayo: anasogea katika ubeti wa chini, anavuta maiki pembeni kidogo anapopandisha. Asiyeijua hulalamika kwamba maiki "inakoroma".

Dainamiki au kondensa?

Ubishi mwingine uko kwa waimbaji wanaotaka usafi wa sauti kama wa studio. Hao huitaka maiki ya kondensa, yenye utando mwepisi zaidi usiobebeshwa koili. Mfano unaoheshimika ni Neumann KMS 105 ya Ujerumani, superkadioidi inayofika hezi 20 hadi 20,000 kweli kweli. Usikivu wake ni takriban milivolti 4.5 kwa paskali moja ya mgandamizo wa sauti. SM58 hutoa milivolti 1.85 tu. Kwa mwimbaji wa sauti laini anayesindikizwa na udi au gitaa moja, tofauti inasikika mara moja: pumzi, mwisho wa neno, mtetemo wa kooni.

Wanaoipinga wana hoja nzito pia. Kondensa inadai umeme wa volti 48 unaopandishwa na miksa kupitia waya ule ule wa maiki. Miksa ndogo nyingi hazina kitufe hicho. Haipendi unyevu, na sisi wa pwani tunaujua unyevu. Na jukwaani penye ngoma, vinanda na monita zilizofunguliwa, usikivu wake mkubwa unaleta kila kitu kwa undani ule ule.

Uamuzi wangu ni huu: kwa ukumbi wa harusi, uwanja, kanisa lenye bendi na jukwaa la wazi, dainamiki. Kondensa iwe ya mwimbaji anayejua kusimama, aliye na fundi anayejua kusikiliza, mahali palipotulia.

Waya na hewa

Tarakimu ya ukinzani, inayoandikwa kwa omu, husomwa na wachache. SM58 imeandikwa omu 150, na kwa kipimo halisi ni 300. Huo ni ukinzani mdogo, na faida yake ni kwamba waya unaweza kwenda makumi ya mita bila sauti kufifia. Maiki za karaoke zenye ukinzani mkubwa na jeki ya pini moja huanza kupoteza sauti nyembamba na kuokota mngurumo wa umeme baada ya mita chache tu. Plagi ya pini tatu ina nyaya mbili zinazobeba sauti ile ile kwa mwelekeo uliopinduliwa, ili uchafu unaoingia njiani ufutike ukifika kwenye miksa.

Zisizo na waya zina jambo moja ambalo mnunuzi hana budi kuliuliza: zinatumia megahezi ngapi, yaani mawimbi gani ya redio? Nyingi zilipita katika mawimbi yale yale ya televisheni. Tanzania ilianza kuzima televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na nchi jirani zikafuata kwa ratiba zao. Sehemu ya mawimbi yaliyoachwa, kwenye megahezi 700 na 800, imetengwa kimataifa kwa ajili ya intaneti ya simu. Marekani ilipiga marufuku maiki kwenye megahezi 700 mwaka 2010. Maiki za zamani za mawimbi hayo bado zinauzwa kama mitumba, na mwenye nayo asishangae sauti ikikatika ukumbi unapojaa watu wenye simu.

Maiki nyingi, sauti kidogo

Kuna imani kwamba kwaya ikiongezewa maiki itasikika zaidi. Kila idadi ya maiki zilizofunguliwa inapoongezeka maradufu, nafasi ya fundi kabla ya mlio hupungua kwa desibeli 3. Ukitoka maiki moja hadi nane, umepoteza desibeli 9.

Hapo ndipo taarab asilia inapompima fundi. Kanuni, udi, fidla, nai na akodiani ni ala zisizo na kelele nyingi, kila moja inataka maiki yake, na mwimbaji yupo katikati yao. Anayesikiliza kundi kamili la taarab katika Ngome Kongwe, Zanzibar, mahali ambapo tamasha la Sauti za Busara limefanyika kwa miaka mingi, asidhani kwamba usafi ule umekuja wenyewe. Kuna mtu amefunga maiki isiyotumika kila ala ilipopumzika.

Kwa kwaya, kanuni ya mafundi ni rahisi: umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya maiki na mwimbaji wake. Wakiwa nusu mita kutoka kwenye maiki, maiki inayofuata iwe mita moja na nusu mbali. Zikikaribiana kuliko hapo, zinapokea sauti moja kwa nyakati mbili tofauti, na kwaya inasikika kama inaimbia ndani ya bomba.

Kopi na mizani

Umaarufu umeiletea SM58 balaa la kuigizwa. Kopi zake zimeenea duniani, boksi na karatasi vikiwa vimechapwa kwa ustadi. Ile halali ina uzito wa gramu 298, na bei yake Marekani huzunguka dola 100. Ukiuziwa mpya kwa robo ya bei hiyo, huna haja ya kujiuliza mara mbili: ni kopi. Ukiwa na shaka, mizani ya duka la jirani itakusaidia, kwani kopi nyingi ni nyepesi.

Wapo mafundi wazee watakaosema karatasi haitoshi, sikio ndilo hakimu. Wana haki. Karatasi haielezi vizuri kishindo cha vidole kwenye mpini, wala namna sauti inavyobadilika mwimbaji akigeuka. Lakini sikio la dukani, kwenye chumba kidogo kisicho na monita, halijui lolote kuhusu ukumbi wako. Karatasi ianze, ipunguze orodha. Kisha maiki mbili au tatu zilizobaki zijaribiwe na mwimbaji wako, kwenye spika zako, monita zikiwa wazi.

Kwa kamati za kwaya, viongozi wa bendi na ma-MC mnaojiandaa kununua: ombeni karatasi kabla ya kutoa fedha. Tazameni mchoro wa mviringo kwanza, mstari wa masafa pili, ukinzani na megahezi baadaye, rangi mwisho. Muuzaji asiyekuwa na karatasi hiyo, au anayesema haina maana, msimwachie fedha za waumini wala za wanachama.